Jasho lisiloandikwa daftarini: Nani anagharimia urithi wa Kilimanjaro?

MALI bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Msemo huo umezoeleka madukani, lakini kwa Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro unaihusu pia mali isiyouzwa dukani wala kuwekwa benki: mifereji ya asili, mahandaki ya vita, makanisa ya kale, mti wa kihistoria na majengo ya ushirika.

Sehemu kubwa ya mali hiyo haikutunzwa kwa fedha za bajeti. Imetunzwa kwa kujitolea: wanakijiji wakiwa na majembe, waumini wakiwa na michango ya Jumapili, vijana wanaowatembeza wageni na wazee wanaokumbuka nani alichimba nini na lini. Siku za kazi wanazotoa ni vigumu kuziona katika hesabu za halmashauri, katika thamani ya miradi ya umwagiliaji au katika mipango ya utalii. Kwa hiyo jasho hilo linapopungua, hakuna ofisi inayoshtuka mpaka mfereji ukauke au ukuta uanguke.

Swali la kiuchumi hapa si kama watu wa Kilimanjaro wanapenda historia yao. Wanaipenda. Swali ni kwa nini kazi ya kujitolea inadumu miaka zaidi ya mia moja mahali pamoja, na mahali pengine, kilometa chache tu kutoka hapo, inakufa.

Mfongo na sheria zake

Mfano ulio hai kuliko yote ni mfongo, mfereji wa asili wa Wachagga. Wageni wa Kizungu waliofika mlimani katika karne ya 19 waliikuta mifongo ikifanya kazi na wakaiandika katika habari za safari zao. Kufikia karne ya 20 ilikuwa inahesabiwa kwa mamia.

Mfongo huanzia kwenye banio, kizuizi kidogo kilichojengwa kwenye korongo la mto kwa mawe, udongo na mara nyingine migomba. Kutoka hapo maji hufuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo mno, yakipita juu ya mabonde na katikati ya mashamba hadi kwenye nduwa, bwawa dogo la kuhifadhi maji ya usiku ili yatumike mchana. Waliochimba hawakuwa na vipimo vya kisasa. Walitumia macho, uzoefu na maji yenyewe.

Maji hayo yalinywesha migomba, kahawa na mifugo ya ndani, na sehemu za chini yalistawisha ulezi wa kiangazi, zao lililo msingi wa mbege. Bila mfongo, kihamba cha Mchagga kisingekuwa kama kilivyo.

Lakini mfongo ni udongo. Masika ikipita, mafuriko hubomoa banio, kingo humomonyoka na matope hujaa njiani. Usipofanyiwa kazi msimu mmoja au miwili, mfongo hufa. Kinachouweka hai ni msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wale wanaotumia maji yake. Siku hutangazwa, kila kaya hutoa mtu, sehemu za kusafisha hugawanywa, na asiyefika hutozwa faini au hukosa zamu yake ya maji.

Hapo ndipo ilipo siri. Kazi hiyo ni ya kujitolea kwa maana kwamba hakuna mshahara. Haina maana kwamba hakuna malipo. Malipo ni zamu ya maji. Anayetoa jasho ana haki inayojulikana, na anayekwepa anajua atakachokosa. Kamati ya mfongo ina sheria na ina kumbukumbu, hata kama kumbukumbu hiyo iko vichwani mwa wazee badala ya kwenye daftari.

Hesabu ambayo haijapigwa

Chukua mfano wa mfongo wenye kaya 80, ambapo kila kaya hutoa mtu kwa siku sita kwa mwaka. Hizo ni siku 480 za kazi. Kibarua akilipwa Sh10,000 kwa siku, thamani yake ni Sh4.8 milioni kwa mwaka, au Sh48 milioni kwa miaka kumi. Huu ni mfano wa hesabu tu, lakini unaonyesha jambo. Kijiji chenye mifongo mitano ya namna hiyo huwekeza Sh24 milioni kila mwaka katika miundombinu, na hakuna stakabadhi hata moja.

Kukosekana kwa hesabu hiyo kuna gharama. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, anayechepusha maji ya mto kwa umwagiliaji anahitaji kibali, na kibali kina ada. Maji yanayotoka mlimani upande wa kusini huingia katika Bonde la Mto Pangani, ambalo ofisi yake ilianzishwa mwaka 1991. Huko chini kuna wakulima wa tambarare, miji na mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na New Pangani. Ni haki kila mtumiaji ahesabiwe.

Tatizo ni kwamba katika mezani hiyo mkulima wa mlimani huonekana upande mmoja tu, upande wa kutumia. Upande wa kutunza hauna safu. Miti anayoiacha kwenye kihamba, kingo anazozishikilia zisiporomoke na siku anazotoa kusafisha njia ya maji hazimpunguzii ada wala hazimpi kauli kubwa zaidi kwenye kikao cha jumuiya ya watumia maji. Mwekezaji aliyenunua pampu ana risiti. Mwenye mfongo hana.

Shimbwe Juu ilivyotambuliwa

Thamani hiyo iliwahi kutambuliwa, na waliotangulia walikuwa wageni. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliingiza mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, Uru, wilayani Moshi, katika orodha yake ya urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Mwaka huo huo eneo la wafugaji wa Kimasai la Engaresero nalo liliingia.

Sababu zilikuwa wazi. Katika kihamba kimoja hukutana miti mirefu ya kivuli, migomba, kahawa, viazi vikuu, mboga na ng'ombe wa ndani, huku mipaka ikiwa imepandwa masale. Watafiti wa mimea wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya Kilimanjaro, zaidi ya 400 kati yake zikiwa hazikupandwa na mtu. Ni msitu unaolisha watu, na umefanya hivyo kwa vizazi bila kuchosha ardhi.

Mradi ulioandamana na heshima hiyo haukuishia kwenye cheti. Uligusa ukarabati wa mifereji na nduwa, kahawa ya kilimo hai, zao la vanila, ufugaji wa samaki aina ya trauti katika maji ya mifereji na mafunzo ya utalii. Wazo lilikuwa kwamba urithi hautunzwi kwa kuhubiriwa, bali kwa kuongeza kipato cha anayeutunza.

Wazo hilo ni sahihi, na linaeleza pia kwa nini mambo yalianza kuharibika. Mfumo wa mauzo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ilianza kuyumba, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaporomoka vibaya. Mkulima aliyeona mbuni haulipi ada ya shule alianza kukata miti ya kivuli auze mbao, au kuacha kahawa ifunikwe na migomba. Vihamba navyo vimegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi baadhi havitoshi kulisha familia. Vijana wakashuka Moshi mjini, wakaenda Arusha na Dar es Salaam.

Kijana aliyeondoka haendi msaragambo. Mzee wa miaka 70 hawezi kuinua mawe ya banio. Ndivyo nguvukazi iliyokuwa ikitunza urithi huu ilivyopungua bila kuandikwa mahali popote.

Saruji si jibu la kila kitu

Mara nyingi jibu linalopendekezwa ni saruji. Ni kweli mfereji wa udongo hupoteza maji mengi njiani, na wakati wa uhaba kila lita ina thamani. Kusakafia sehemu zinazovuja kunasaidia.

Hata hivyo, maji yanayopenya ardhini hayapotei yote. Mengine hunywesha miti ya kingoni na kulisha chemchemi za chini. Pili, mfereji wa udongo hurekebishwa na mtu yeyote mwenye jembe, siku hiyo hiyo. Mfereji wa saruji ukipasuka unahitaji mchanga, saruji, fundi na fedha. Kamati iliyozoea kuita watu sasa inalazimika kukusanya michango, na ikishindwa inasubiri mfadhili. Kuna hatari ya mradi wa kuokoa mfongo kuua msaragambo uliokuwa ukiuokoa.

Somo hilo linafanana na la majengo ya kale ya pwani. Kuta za mawe na chokaa zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungwa ndani na ukuta huoza taratibu. Kule Kilwa Kisiwani, magofu yaliyoingizwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi iliyowashirikisha wakazi na kutumia vifaa vinavyolingana na vya asili. Kinyume chake ni Unguja, ambako sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 25, 2020 na kuua mafundi waliokuwa kazini. Usipoziba ufa, si ukuta tu utakaoujenga.

Old Moshi: kumbukumbu bila zamu ya maji

Mfongo una maji. Je, historia isiyotoa maji itatunzwa na nani?

Jibu moja liko Tsuduni, Old Moshi. Hapo ndipo Machi 2, 1900 Wajerumani walipowanyonga Mangi Meli wa Moshi na wenzake 18, wakiwamo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Kichwa cha Meli kinaaminika kupelekwa Ujerumani. Mti wa tukio hilo, kumbukumbu ya mahali na madai ya kurejeshwa kwa mabaki vilibebwa kwa miongo mingi na familia na wanakijiji wenyewe.

Machi 2, 2019 onyesho la historia ya Meli lilifunguliwa Old Moshi, kwa ushirikiano wa kikundi cha utalii wa utamaduni cha hapo, wasanii na wanaharakati wa Berlin. Mwaka 2023 Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia mjini Berlin ilitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimepata ndugu walio hai wa mafuvu matatu kutoka kaskazini mwa Tanzania, mojawapo likiwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo.

Kwa mtazamo wa biashara, Old Moshi inaonyesha kwamba kujitolea kunaweza kuzaa kipato. Mgeni anayekuja kuona mti huo hula chakula, hulipa kiongozi wa msafara na hununua kahawa. Utaratibu wa utalii wa utamaduni, ulioanza nchini katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi pamoja na Bodi ya Utalii Tanzania, ulijengwa juu ya hesabu hiyo. Marangu nako wageni huonyeshwa mahandaki waliyochimba Wachagga ili kujificha wakati wa vita.

Lakini kipato hicho ni kidogo kikilinganishwa na fedha zinazopanda mlimani. Mgeni anayekwea hadi Uhuru hulipa ada kubwa za hifadhi, kisha hupita pembeni mwa mifongo na vihamba bila kujua amepita nini. Mlima uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987 kwa sababu za asili pekee. Kazi ya watu waliouzunguka haikutajwa kuwa sehemu ya urithi huo. Mwaka 2005 mipaka ya hifadhi ya taifa iliteremshwa ikachukua msitu wote wa akiba, msitu ambao ndio chanzo cha maji ya mifongo. Uhifadhi ulisogea karibu na mkulima, lakini daftari lake halikusogea.

Majengo ya mjini hayana mwenyewe

Hali ni ngumu zaidi Moshi mjini. Mji wenyewe ulihamia tambarare ukifuata reli kutoka Tanga iliyofika mwaka 1911, ndiyo maana makao ya zamani yakabaki na jina la Old Moshi. Reli ilileta stesheni, maghala na maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi yenye baraza, mengine yakiwa na mwaka wa ujenzi ukutani. Kahawa ilileta jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoundwa mwaka 1933 kikitokana na KNPA ya mwaka 1925. Kwa Mwafrika wa enzi ya ukoloni, jengo hilo lilikuwa ushahidi kwamba mkulima anaweza kuuza zao lake mwenyewe.

Hapa hakuna msaragambo. Mpangaji wa duka hana zamu ya kulinda. Mwenye nyumba akipata fedha anafikiria ghorofa jipya, na hawezi kulaumiwa iwapo jengo la zamani halimpi unafuu wowote wa kodi. Stesheni ilipata uhai mpya treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya kutoweka kwa zaidi ya miaka 20. Ni uthibitisho mwingine kwamba jengo linalotumika ndilo linalotunzwa.

Makanisa ya kale yanaeleza jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Misheni ya Wakatoliki Kilema ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ya Walutheri wa Leipzig ilianza Machame mwaka 1893. Majengo ya kanisa hutunzwa na waumini wanaochangia mabati, mbao na nguvu. Tofauti ni kwamba michango husomwa hadharani, jina kwa jina. Kuna daftari.

Sheria ya 1964 na mwaka 1863

Je, Serikali haina sheria? Inayo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo na kazi za mikono ya watu zilizofanyika kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye hulindwa iwapo waziri atayatangaza. Kwa kipimo hicho karibu kila jengo la Moshi, la Mjerumani, la Mwingereza na la ushirika, liko nje ya ulinzi wa moja kwa moja.

La kushangaza ni kwamba mahandaki na mitaro iliyochimbwa kabla ya 1863 imo ndani ya maana ya sheria hiyo. Maana yake mfongo wa kale unaweza kuwa na hadhi ambayo stesheni haina. Lakini sheria ilitungwa ikilenga zaidi magofu, vitu visivyotakiwa kuguswa. Mfongo usipoguswa unakufa. Urithi wa namna hii unahitaji kulindwa pamoja na haki ya watu kuendelea kuubadilisha kidogo kila mwaka. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 ilifungua mlango kwa jamii kushiriki. Mlango ukiwa wazi bila bajeti, anayeingia ni yule yule aliyekuwa anajitolea tangu zamani.

Nini kifanyike

Hatua ya kwanza haihitaji mabilioni. Kila kamati ya mfongo iwe na daftari la siku za kazi, na halmashauri ilitambue kama mchango wa jamii katika miradi. Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 iliunda tume na mfuko wa maendeleo ya umwagiliaji. Kijiji kinachoonyesha siku 480 za kazi kwa mfongo mmoja kina hoja ya kupewa fedha za banio bora kuliko kijiji kinachosubiri kila kitu.

Pili, ada ya kibali cha maji izingatie kazi ya kutunza chanzo na njia ya maji. Walio chini ya bonde wananufaika na kingo zinazoshikiliwa na walio juu.

Tatu, ukarabati uanze na kamati ya mfongo, si mkandarasi. Sehemu ya kusakafia na ya kuacha udongo ichaguliwe na wanaojua maji yanavyokwenda.

Nne, manispaa iorodheshe majengo yake ya kihistoria na kuomba yatangazwe, huku mwenye jengo akipewa sababu ya kulibakiza, hata kama ni unafuu mdogo wa kodi.

Tano ni Desemba. Kila mwaka mlima hujaa wana wa Kilimanjaro wanaorudi nyumbani kwa Krismasi, wengi wakiwa na fedha na magari, wakichangia makanisa, harusi na ukarabati wa nyumba za wazazi. Wengi wao ndio nguvukazi iliyopotea kwenye msaragambo. Hawawezi kurudi kushika jembe kila msimu, lakini anayeishi Dar es Salaam anaweza kulipia siku sita za kijana wa kijijini kwa niaba ya kaya yake, zikaandikwa. Kwa mfano ule wa Sh10,000 kwa siku, ni Sh60,000 kwa mwaka.

Kujitolea hakujawahi kuwa kitu cha bure. Wachimbaji wa mifongo walilijua hilo, ndiyo maana waliunganisha jasho na zamu ya maji na kumtoza faini mkwepaji. Kinachotakiwa sasa ni jasho hilo liandikwe mahali ambapo wanaogawa fedha, ada na vibali wanaweza kulisoma. Vinginevyo siku mfongo wa mwisho utakapokauka, itaandikwa kwamba ni ukame, na hakuna atakayekumbuka kwamba ulikosa watu.